Mrithi wa Lodi Aubrey

Hakuna aliyevuta kiko nyumbani kwa Hedwiga, mtaani Bertrams, lakini nepi za mwanawe zilitoka kambani zikinuka tumbaku. Alizifua upya. Zikanuka tena.

"Eish, mama Aubrey, ni jirani," alisema mumewe Brighton, aliyemwoa uhamishoni Morogoro na kumleta kwao kusini baada ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote. "Utaanza kunusa na mawe."

Mtoto alipewa jina la mzee Mwingereza ambaye Hedwiga alimuuguza kule Randburg. Mzee alikuwa lodi. Cheo cha ukoo wao kilishuka kwa mtoto wa kiume, baba hadi mwana, karne kwa karne, naye hakuoa. Hedwiga alimwonea huruma. Kwao Hedwiga, jina la mtu halizikwi, mtoto hulipokea. Akambeba mwanawe mchanga hadi kitandani kwa mzee.

"Bwana, huyu ni Aubrey. Hutapotea."

Mzee, aliyekwisha kata kauli, aliinua mkono. Hedwiga akainamisha kichwa, akijua anabarikiwa. Kesho yake mzee akafa.

Sasa, mchana kweupe, viatu vizito vilitembea ukumbini, vikasita mlangoni, vikaingia taratibu chumbani mlimokuwa na mtoto peke yake, na Hedwiga alipokimbilia humo alikuta blanketi limekunjwa kwa ustadi asioujua yeye wala Brighton, na mtoto amechanwa nywele upande, zingali mbichi.

Wakamwita Salum, mganga wa Tanga aliyeuza viatu karibu na uwanja wa mpira. Alifukiza ubani, akalisikiliza lililomo humo.

"Dada," alinong'ona, "yule mzee hakukubariki. Alikuwa anakukataza."

"Ananikataza nini?"

"Hili jini hutumikia cheo chao. Hufuata mrithi. Mzee aliacha kuoa makusudi, lipotelee kwake. Nawe ukalipelekea mtoto."

"Litoe, kaka Salum. Ni huyu mmoja tu niliye naye."

"Tumvue jina."

Walimwosha kwa kombe, maji ya aya zilizoandikwa, wakamwita Elisante. Harufu ikaisha. Nyumba ikatulia, hata Brighton akarudia mizaha yake.

Jumapili mchana Hedwiga alisimama mlangoni na nguo za kanisani mkononi. "Elisante!"

Mtoto alikuwa sakafuni, amempa mgongo. Hakugeuka.

"Elisante, baba, njoo."

Nyuma ya Hedwiga, ukumbini kusiko na mtu, sauti ya kiume ikasema kwa Kiingereza, taratibu, kwa adabu ya mtumishi wa siku nyingi mbele ya lodi wake:

"Bwana wangu."

Mtoto akageuka, akatabasamu, akanyoosha mikono yote miwili avishwe.