Zamu ya Mama Prosper

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Aikande alifagia uwanja, akampa ng'ombe majani, kisha akakimbilia shambani kutazama mizabibu. Siku hizi hata uwanja aliufagia nusunusu.

Na nani angetulia? Mama yake, Agnela, alikuwa na kiwanda kidogo cha divai nyuma ya nyumba yao huko Akheri. Sharika za kanisa za jirani zilinunua kwake divai ya Chakula cha Bwana. Lakini mvua zilikuwa zimebadili tabia: za vuli hazikuonekana, za masika zikaja kwa fujo na kuleta ugonjwa wa ukungu kwenye majani, kisha jua likawaka bila huruma. Zaidi ya nusu ya mizabibu ikafa. Mama aliing'oa huku akilia, akapanda miche ya aina inayovumilia ukame.

"Hii nayo ikifa, tunafunga kiwanda," alisema.

Kijijini hapo maji ya mfereji hutoka mlimani, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu ya kina Aikande ilikuwa Jumamosi. Jumatano, majani ya miche yakaanza kulegea.

"Mama, tuimwagilie!"

"Kwa maji ya nani? Subiri Jumamosi, mwanangu."

Subiri! Aikande hakuweza kusubiri hata ugali uive. Alasiri ile, mama alipokwenda kwaya, Aikande alipanda hadi kwenye mgawanyo wa maji, akang'oa kizibo cha mgomba na udongo, akayageuzia maji yote kwao. Miche ilipokwisha kunywa, akarudisha kizibo na kwenda zake.

Kesho yake asubuhi Mama Prosper, jirani yao wa chini, alikuwa njiani akipiga kelele. "Nani kaniibia maji? Jana ilikuwa zamu yangu! Kabichi zangu zimelala chini! Ni Hans tu, shamba lake ndilo la juu, na juzi tuligombana!"

Hans, jirani yao wa juu, aliapa kwamba hakugusa maji. Nani amwamini? Mzee Ndesanjo, mwenyekiti wa mfereji, akaita kikao Ijumaa jioni.

Aikande hakula. Darasani akikaa, anasimama, akisimama, anakaa. "Wewe una upele?" mwenzake alimtania. Hakucheka. Alijua kwamba anayeiba maji hunyimwa zamu inayofuata. Akisema, miche ya mama itakauka. Akinyamaza, Hans atabeba kosa lisilo lake.

Kikaoni, Hans alisimama na kofia mkononi. Mzee Ndesanjo akakohoa, tayari kutoa hukumu.

"Ni mimi!" Sauti ilimtoka Aikande mwenyewe hajajiandaa. "Shikamooni... ni mimi niliyegeuza maji. Mzee Hans hana kosa."

"Aikande! Wewe?" Mama yake alijishika kichwa.

Sheria ni sheria. Zamu yao ya Jumamosi ikapewa Mama Prosper, na Aikande akaamriwa kumsaidia kupanda kabichi upya.

Jumamosi, jua likiwaka, Aikande alikaa kando ya miche akalia kwa uchungu. Mara akasikia toroli. Hans alikuwa analisukuma, limejaa majani makavu ya migomba.

"Umeniokoa mbele za watu, binti," alisema. "Maji sina, lakini tufunike mashina, unyevu usitoroke."

Nyuma yake akatokea Mama Prosper na ndoo ya maji aliyooshea mboga. "Bado nimekasirika, mjue," alifoka. "Haya, kila mche kopo moja!"

Miche michache ilikufa. Mingi ikachipua. Mama akaamua kufunika shamba lote kwa majani, na kukinga maji ya paa mvua zikirudi.

"Ungenyamaza, tungepata maji ya Jumamosi na kupoteza majirani," alimwambia Aikande. "Mvua hatuwezi kuziamini tena, mwanangu. Basi sisi wenyewe tuaminiane. Kosa ukilisema mapema hurekebishika, ukilificha, linaoza."

Jumatano moja, zamu yake ilipofika, Mama Prosper akaita kutoka ng'ambo ya uzio.

"Aikande wee! Mgongo unaniuma. Nenda kanifungulie maji. Kizibo si unakijua?"

Aikande akaenda mbio. Maji yote yakateremka kwa Mama Prosper.