Kadi Ambazo Bi Sitara Hakuzichoma

Mwaka ule wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, Severa na mumewe Gaudens walihama kutoka Buguruni. Walipata chumba Kariakoo, Mtaa wa Mafia, katika nyumba ya Bi Sitara. Bi Sitara alikuwa mwenye nyumba, tena alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mgeni akilala mtaani bila kuripoti kwake, asubuhi atamkuta mlangoni. Watu walimtania kuwa hata paka wa jirani hupita kwake kwanza.

Gaudens alikuwa seremala katika mtaa wa Gerezani. Severa alifanya kazi eneo la Posta, katika shirika moja la ugavi. Kazi yake ilikuwa kuiandikia kompyuta maagizo. Msomaji, neno kompyuta lisikutishe. Ni mashine ya kupiga hesabu. Haifikiri. Hufanya inachoambiwa, na ikiambiwa vibaya hufanya vibaya. Maagizo yake huitwa programu. Siku zile programu iliandikwa kwa kutoboa matundu kwenye kadi ngumu.

Programu ya Severa iligawa unga. Ilipiga hesabu ya kila duka la ushirika, kisha ikachapa mgao. Bila mgao, malori hayakutoka ghalani.

Asubuhi moja Bi Sitara alikuwa uani akimenya muhogo.

"Shikamoo, Bi Sitara."

"Marahaba, mwanangu. Unga lini? Muhogo huu umeshatuzoea."

"Kompyuta mpya inakataa kazi, mama. Na ile ya zamani imeshaondolewa."

"Basi ibembelezeni. Duka limefungwa, na watoto wa nyumba hii wanataka ugali."

Severa aliharakisha kwenda kazini. Ni yeye aliyemwambia mkuu wake kwamba programu yake itafanya kazi kwenye mashine yoyote. Sasa malori yalikuwa yamesimama kwa sababu yake, na aliona aibu kupita mbele ya duka lile.

Tatizo lilikuwa hili. Ndani ya kompyuta kuna programu nyingine, ambayo hutafsiri maagizo ya mtu yawe lugha ya mashine. Pale ofisini waliiita mkalimani. Mkalimani asipoielewa kadi, huchapa kwamba kuna kosa. Mashine mpya ilitoka kiwanda kingine, na mkalimani wake alikuwa mwingine. Alichapa makosa mpaka karatasi zikafika sakafuni.

Severa aliingiwa na hofu. Kila kadi iliyolalamikiwa aliitoa, akatoboa nyingine. Akarekebisha hapa, akabadili pale. Makosa yakaongezeka. Haraka haraka haina baraka, na yeye alilijua hilo tangu utoto, lakini nani hukumbuka methali akiwa na hofu? Kadi alizozitoa alizibeba nyumbani. Gaudens alisema zinafaa kuwashia mkaa.

Alhamisi shirika lilimwita Ndugu Kitwana, mtaalamu aliyesomea mashine za aina ile. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kukimbizwa.

"Ndugu Severa," aliuliza, "mashine yenyewe ni nzima?"

"Sijui."

"Basi tuanze hapo."

Waliandika programu ndogo kabisa, ya kuchapa neno moja tu. Mashine ikachapa: UNGA. Severa alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Mashine nzima, mkalimani mzima," alisema Kitwana. "Sasa nipe programu yako ya mwanzo, jinsi ilivyokuwa kabla hujaigusa."

Severa aliinamisha kichwa. "Sina. Kadi nyingi nimezitoa."

"Ziko wapi?"

"Nyumbani. Za kuwashia jiko."

Kitwana alishusha pumzi. "Nenda kaziangalie. Labda hamjapika."

Basi la UDA lilichelewa, kwa hiyo Severa alikwenda kwa miguu, nusu anatembea, nusu anakimbia. Alimkuta Gaudens amekuja kula chakula cha mchana.

"Gaudens, zile kadi ziko wapi?"

"Nilimpa Bi Sitara zote. Kuna nini?"

Bi Sitara alikuwa uani, anapepea jiko. Moto ulikuwa umekolea vizuri. Severa aliutazama, akauliza haraka.

"Bi Sitara, kadi alizokupa Gaudens umezichoma?"

Bi Sitara aliacha kupepea. "Kadi za serikali? Nizichome, halafu wakija kuziuliza nijibu nini? Mumeo nilimwambia ahsante kwa adabu tu."

Aliingia chumbani, akatoka na debe. Kadi zote zilikuwamo, zimefungwa kwa uzi. Severa alikaa chini pale pale uani. Machozi ya furaha yalimtoka, wala hakuyaficha.

Kila kadi ilikuwa na namba yake pembeni. Kwa hiyo, Severa aliporudi ofisini, yeye na Kitwana walizipanga upya bila shida, wakazipitisha kwenye mashine. Karatasi za makosa zikatoka tena. Severa akaivuta ile ya mwisho.

"Hapana," alisema Kitwana. "Soma kosa la kwanza. Mara nyingi hilo ndilo mama, mengine ni watoto wake."

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye kadi za mbele. Kadi hizo zilitaja vifaa vya mashine, kile cha kusoma kadi na kile cha kuchapa.

"Majina haya ni ya wapi?" aliuliza Kitwana.

"Ya mashine ya zamani."

"Wewe umehama karibuni. Uliripoti kwa balozi gani?"

"Kwa Bi Sitara, wa kule Kariakoo."

"Kwa nini hukuripoti kwa yule wa Buguruni?"

Severa alitabasamu. "Yule hahusiki tena na mimi."

"Programu yako imehamia Kariakoo, lakini bado inaripoti Buguruni. Mkalimani hakijui kifaa ulichokitaja. Kwa hiyo hajui hesabu za unga zinasomwa wapi. Kila kadi inayotaja unga, anaikataa."

"Kumbe zile nyingine hazikuwa na kosa."

"Hazikuwa. Ulikuwa unawatibu wazima."

Kabla ya kugusa chochote, walitoboa nakala ya kadi zote na kuiweka pembeni. Kisha walibadili jina la kifaa cha kusoma. Makosa yakapungua sana.

"Tubadilishe yaliyobaki yote kwa pamoja," alisema Severa.

"Tukibadili yote na mambo yakaharibika, tutajua ni lipi limeharibu?"

Wakabadili jina la kifaa cha kuchapa peke yake. Likabaki kosa moja, neno ambalo mkalimani wa zamani alilikubali na huyu mpya hakulijua. Walilitafuta katika kitabu kilichokuja na mashine, wakapata neno la kuweka mahali pake. Mwisho walijaribu programu kwa hesabu za zamani. Mgao ulikuja sawasawa na ule wa mashine ya kwanza.

Ijumaa mchana mgao mpya ulichapwa. Malori yakatoka.

Jumatatu jioni uani palinukia ugali. Ulikuwa wa yanga, na hakuna aliyelalamika. Bi Sitara alimpa Severa sahani ya kwanza.

"Siku nyingine ukitaka kuchoma kitu," alisema, "pitia kwanza kwa balozi."

Gaudens alijifanya hakusikia, akamega tonge.

Tangu hapo, pale ofisini hakuna anayegusa programu kabla ya kuweka nakala. Nakala hukaa katika sanduku la mbao alilolitengeneza Gaudens mwenyewe. Mfanyakazi mgeni akiuliza kadi za mwanzo ziko wapi, huambiwa, "Ziko kwa Bi Sitara," naye huonyeshwa sanduku.