Kitabu cha Maisha ya Okello

Jumapili soko la Kibuye mjini Kisumu halina pa kuweka mguu. Adero alikuwa akipenya katikati ya mitumba, rinda lake la kijani likinaswanaswa na pembe za meza, alipoona meza ndogo iliyopangwa vitabu vyembamba. Kila jalada lilikuwa na picha ya mwanamuziki, na kila mwanamuziki alikuwa marehemu.

Akainua kimoja, akakirudisha, akainua kingine.

"Hawa wote wamekufa," alisema.

"Ndiyo," alijibu mwenye meza. Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi kwenye kola, miwani imefungwa uzi upande mmoja.

"Huna hata mmoja anapumua?"

"Wanaopumua hubadilisha maneno, dada. Leo anakuambia hivi, kesho vile."

"Na wafu?"

"Wafu wamemaliza kusema. Mimi nauliza wale walioachwa, naandika."

"Kumbe wewe ni fisi."

"Fisi hauzi vitabu."

Adero alicheka bila kutaka. Alipitisha kidole juu ya zile picha moja moja, kisha kicheko kikamwishia. "Okello wa Ahero simwoni hapa."

"Huyo nimemtafuta sana. Wanasema ana mjane, lakini hataki kuongea na watu."

"Nani amekuambia hataki?"

Mwenye meza, jina lake Walubengo, alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akamtazama upya. Uso huo alikuwa ameuona kwenye mabango yaliyobandikwa ukutani karibu na stendi, umesimama nyuma ya Okello, umeshika maikrofoni.

Hivyo ndivyo walivyoanza.

Sydney Walubengo alikuwa mtu wa Webuye. Shule iliishia kidato cha pili, na kuandika alijifundisha mwenyewe kwa kunakili taarifa za vifo magazetini, kila siku moja, mpaka akajua sentensi inavyosimama. Aliishi mtaa wa Obunga. Kidholuo hakukijua zaidi ya salamu, ila muziki wa ziwani aliupenda kuliko wa kwao.

Alianza kwenda Migosi, alikopanga Adero, akiwa na kalamu na maswali. Adero alimweleza jinsi Okello alivyomtoa kwaya ya kanisa akamfundisha kuimba mbele ya walevi. Alimweleza kuhusu lori lililogonga gari la bendi wakitoka kupiga muziki wa matanga Bondo. Yeye alibaki Kisumu siku hiyo kwa sababu ya homa. Akiongea, alikuwa akisonga ugali, na Walubengo aliona mkono ukisimama katikati ya sufuria kila jina la marehemu lilipotajwa.

Maswali yalipoisha, aliendelea kwenda.

"Leo unauliza nini?" Adero alimuuliza kwenye simu.

"Nauliza kama umekula."

"Hiyo nayo utaandika?"

"Hiyo naiweka."

"Njoo basi, mwandishi wangu. Kuna mbuta hapa. Lakini uache kumkagua samaki kama karani. Unakula, hufanyi uchunguzi."

"Miiba yenu ni mingi, jaber."

"Nani amekufundisha kuniita mrembo kwa Kidholuo?"

"Nimelipia masomo."

Walipendana kimya kimya, kwa sababu ilibidi. Huko Ahero, katika boma la marehemu, alikuwako Akinyi, binti wa Adero, mwenye miaka saba. Tangu mazishi alilelewa na nyanya yake, Dani Ajwang. Dani alikuwa amekubali kwamba Januari mtoto aje Kisumu kuishi na mama yake. Alikubali kwa sharti moja: kwamba Adero bado ni mke wa boma lile, hana mwanamume mwingine. Akiwa naye, aende zake, na mtoto abaki kwa watu wa baba yake.

"Ngoja mtoto afike kwanza," Adero alimwambia Walubengo. "Halafu tutaona namna ya kusema."

"Si kuna sheria ya kumpa mama mtoto?"

"Iko. Lakini nikimtoa kwa nyanya yake na askari, atakua akiniogopa. Sitaki mtoto wa askari. Nataka aje akibeba begi lake."

Walubengo alikubali kungoja.

Kitabu kilikuwa kinakaribia kwisha alipopata rekodi. Mpiga picha mmoja alimtumia usiku mzima wa bendi pale ufukwe wa Dunga, ulionaswa kwa simu miezi michache kabla ya ajali. Katikati ya wimbo ngoma zilishuka, na sauti ya Adero ikabaki peke yake, tamu kama anayembembeleza mtu kitandani. Jirani anayejua Kidholuo alimfasiria, na alifasiri sawasawa: Griffins, mume wa roho yangu, Griffins mwenye lori za mchanga, wewe ndiye unayenijengea, wengine wananipitia tu.

Kisha gita la Okello likajikwaa. Lilikosa nota, likasimama, likaanza upya. Pembeni mtu fulani alicheka kwa muda mrefu.

Walubengo alisikiliza tena na tena. Angeweza kumpigia Adero na kumuuliza. Simu ilikuwa mkononi. Lakini wivu ulimkaba, na alipojitazama akauona, akauogopa. Alijiambia kwamba akiuliza atakuwa anaomba kudanganywa, na akiuacha wimbo nje ya kitabu atakuwa anamfichia mpenzi wake siri. Aliona haki ni kuandika alichosikia. Akaandika kwamba siku zile moyo wa Adero ulikuwa umehamia kwa tajiri Griffins, na kwamba gita la Okello lililia mbele ya watu.

Adero hakusoma kabla ya kuchapishwa. "Nitasoma kikitoka," alisema. "Sitaki kulia mara mbili."

Kitabu kilitoka wakati wa kumbukumbu ya Okello na kikauzwa sana Ahero, maana ni mtoto wao. Siku chache baadaye Opiyo, mdogo wake Okello, alimpigia Adero simu.

"Shemeji, Jumamosi usije."

"Kuna nini? Akinyi mgonjwa?"

"Akinyi yuko sawa. Mama amesomewa kitabu."

"Kitabu kimefanya nini?"

"Soma mwenyewe, shemeji. Huyo mtoto haji huko Januari. Mama anasema hata nguo zako zilizo kwa nyumba ya Okello, uchukue."

Adero alisoma amesimama mlangoni. Alipomaliza alienda Obunga kwa miguu, kanga imefungwa juu ya nguo ya nyumbani, na akamkuta Walubengo akikunja karatasi.

"Griffins," alisema.

Walubengo aliweka karatasi chini.

"Umelala kwangu. Umekula kwangu. Ulishindwa kuniuliza neno moja?"

"Nilikusikia kwenye rekodi."

"Ulisikia nini?"

"Unamwita mume wako."

Adero alimtazama kama mtu anayetafuta kilipo kidonda. "Watu walikuwa wanalipa," alisema polepole. "Hiyo ndiyo kazi yetu. Wimbo unasimama, mtu anatoa pesa, anachagua jina lake, mimi namwita. Kuna mzee alitaka aitwe jua la asubuhi. Kuna mwingine nilimwita baba mkwe, na simjui. Griffins alitaka aitwe mume. Okello mwenyewe ndiye alipokea hiyo pesa."

"Lakini gita lilikosea."

"Alikuwa anacheka, Walubengo. Alicheka mpaka vidole vikakosa nyuzi. Huyo anayecheka hapo ni yeye."

Walubengo alikaa kwenye kitanda. Alikuwa ameandika vifo vingi, na hakuwahi kuandika kosa la namna hiyo. Alijua watu hulipia sifa. Hakujua kwamba hata ndoa hununuliwa kwa dakika mbili, mbele ya mume mwenyewe, na mume akafurahi.

"Nitakusanya vitabu," alisema.

"Kusanya. Na zile picha za kurasa watu wametumiana kwa simu, utazikusanya na ndoo?"

Adero aliondoka. Simu za Walubengo hakuzipokea. Walubengo aliuza godoro, akachapisha karatasi ya kusahihisha, akaigawa bure soko la Ahero. Watu waliifungia njugu. Kila jioni alimtumia Adero ujumbe uleule: nipeleke kwa mama mkwe wako nikaseme. Adero alisoma bila kujibu, mpaka jioni moja simu ya Walubengo ikalia kule Obunga.

"Kesho," Adero alisema kwa sauti kavu. "Ukuje na hiyo rekodi."

"Adero."

"Eh."

"Bado unanipenda?"

"Ningekuwa sikupendi, ningekuwa nalala," alisema, akakata.

Boma la Dani Ajwang lilikuwa kwenye tambarare za Kano, huko Ahero, mpunga ukianza pale ua unapoishia. Kuta za nyumba zilikuwa na mstari wa matope, kumbukumbu ya mafuriko, juu kidogo ya viti. Dani alivaa kitambaa cheupe cha kanisa na sweta ya kahawia. Opiyo alikaa karibu na mlango. Akinyi alitokeza kichwa, nyanya akamwambia aende jikoni, akaenda akimtazama mama yake juu ya bega.

Adero alipiga magoti kusalimu. Hakuinuliwa.

"Mama," alianza Walubengo, na Opiyo akawa anamfasiria, "mimi ndiye niliyeandika. Nilikosea. Nimeleta sauti."

Aliweka simu mezani. Ngoma zilishuka, sauti ya Adero ikapanda, Griffins, mume wa roho yangu. Uso wa Dani ulikakamaa. Gita likajikwaa. Kisha kicheko kikaja, kirefu, cha mtu anayejaribu kujizuia na kushindwa.

Mikono ya Dani ilishika magoti.

"Rudisha," alisema kwa Kiswahili.

Walubengo akarudisha. Kicheko kikajaa chumbani. Opiyo alitazama chini. Yule mama kizee alifumba macho, na midomo yake ikacheza kama anayehesabu pumzi za mtoto mgonjwa.

"Okello," alisema. "Alicheka hivyo tangu akiwa mdogo. Akianza hawezi kuacha. Mtu anayeibiwa mke hacheki hivyo."

"Hapana, Mama," alisema Adero.

"Simama. Magoti yataumia."

Adero akasimama, akilia bila sauti. Dani aliita jikoni na Akinyi akaja mbio, akamkumbatia mama yake kiunoni kama aliyekuwa akingoja nyuma ya mlango wakati wote. Chai ikaletwa. Dani akasema Januari iko palepale, mtoto atakwenda, kwa kuwa mke wa mwanawe ni mke wa mwanawe.

Ndipo akamgeukia Walubengo.

"Na wewe," Opiyo alifasiri, "Mama anauliza, umetoka Kisumu mpaka hapa, umehangaika kwa ajili ya mtu wetu, umeuza godoro, hayo yote amesikia. Wewe ni nani kwake?"

Chai ilikuwa ikitoa mvuke. Adero alimshika mtoto kichwa na hakuinua macho. Walubengo alielewa kwamba akijibu kweli, kitabu kitakuwa kimekosea jina la mwanamume tu, na Akinyi atarudi jikoni. Akijibu vingine, Adero atabaki mke wa nyumba hii.

"Mimi ni mwandishi, Mama," alisema. "Nilimkosea, nimekuja kurekebisha. Hakuna lingine."

Opiyo alimwangalia kitambo kabla ya kufasiri. Dani akaitikia kwa kichwa na kusukuma kikombe mbele yake. Walubengo akanywa chai yote, ingawa ilimchoma.

Waliambatana hadi njiani, Opiyo akifuata nyuma kidogo kwa heshima ya mgeni, Akinyi akitangulia mbele mbio. Ndege weupe walikuwa wakitembea ndani ya mpunga.

"Nilikuwa naomba usiseme," Adero alinong'ona. "Na nilikuwa naomba useme."

"Najua."

"Migosi usije tena. Dani atakuwa anatuma watu kumtazama mtoto."

"Na simu?"

"Akinyi anajua kushika simu. Nitakuwa naimba Dunga. Usije huko pia. Nikikuona nitakosea maneno."

Opiyo alikuwa ameshawakaribia. Adero akanyoosha mkono kama unavyomnyooshea mgeni wa boma, kiwiko kimeshikwa na mkono mwingine, na akapaza sauti ili shemeji yake asikie.

"Asante kwa kuja, Bwana Walubengo. Mungu akufikishe."

Walubengo alipokea mkono ule. Tangu amjue hakuwahi kumwita ila kwa jina lake, au kwa majina ya chumbani. Alilitafuta jingine la kumwita, akaliona lipo, linangoja.

"Asante, Mama Akinyi," alisema, akauachia mkono.