Mteremko wa Verlin

Watu wa Slate Fork, mnanijua. Mimi ni Darlie wa ng'ambo ya kijito, yule anayekaa benchi la nyuma kanisani na kutoka kabla ya salamu. Leo nitasema. Nawaomba mnivumilie mpaka mwisho.

Mnaikumbuka Jumamosi ile ya mwezi wa tano. Ukungu ulipanda mapema, na magari yaliyobeba mbao yakaja kusimama mbele ya nyumba ya Verlin Cantrell na mkewe Reva. Verlin alikuwa mkata magogo mpaka mti ulipomwangukia mgongoni. Waliomwajiri walikuwa wakimlipa mkononi, bila karatasi yoyote, kwa hiyo serikali ilipomwandikia malipo ya ulemavu ilimwandikia yale madogo kuliko yote. Reva akipata kibarua, hayo nayo hupunguzwa. Kwa malipo hayo walikuwa wamepanga nyumba ya Dallas Stiltner, yenye ngazi za mawe mlangoni. Miaka mingi Verlin hakutoka nje ila abebwe kama gunia la viazi. Maneno hayo ni yake mwenyewe.

Siku hiyo tulimjengea mteremko wa mbao, ili kiti chake cha magurudumu kishuke kutoka barazani mpaka uani. Hobert Lusk, shemasi wetu na fundi seremala, ndiye aliyesimamia. Wanaume walipanua milango, wakabadilisha mbao zilizooza za baraza, wakaliezeka upya. Kina mama walileta maharage na mkate wa mahindi. Mimi nilishika kopo la misumari.

Verlin alikaa dirishani akiwachokoza. "Hobert, hiyo mbao imepinda kama mahubiri yako."

"Nyamaza wewe. Mteja wa bure hana neno."

"Nina neno. Nataka nishuke, sitaki niruke."

Stiltner alipita na kreti la soda. Aliombwa ruhusa wiki moja kabla, na alirudia jibu lake mbele ya wote: "Jengeni tu. Mbao zenu, jasho lenu, mimi sina pingamizi." Tukampigia makofi. Hakuna aliyemuuliza kitu kingine.

Alasiri Verlin alishuka mwenyewe, mikono miwili juu ya magurudumu, hakuna aliyemgusa. Alikwenda mpaka ukingoni mwa kijito na kukaa huko. Reva alipomwita kula hakuja, na Reva hakumwita tena. Alimpelekea sahani kulekule.

Kiangazi chote kilipita hivyo. Nikitoka asubuhi kuteka maji ya kuku, namwona Verlin uani akipalilia nyanya kwa jembe alilolikata mpini. Nilidhani jambo jema likishafanyika limefanyika.

Mwaka huohuo ilifunguliwa njia ya milimani ya wapanda pikipiki za magurudumu manne. Wakaja kutoka majimbo ya mbali, na wote walitaka pa kulala. Nyumba za bondeni zikaanza kugeuka malazi, moja baada ya nyingine. Mnazijua ni zipi.

Mwezi wa tisa Stiltner alikuja tena. Nilikuwa jikoni kwa Reva tukimenya maharage. Nilimsikia akipanda mteremko, akishuka, kisha akipanda tena. Aliingia, akapewa kahawa.

"Baraza limependeza," alisema. "Sasa hii ni nyumba."

"Tuwashukuru majirani," Reva akajibu.

"Ndiyo hivyo. Sasa, dada Reva, nyumba ya namna hii haiwezi kukaa kwenye kodi ya zamani." Akaitaja kodi mpya, kuanzia mwezi unaofuata.

Reva alimwomba aitaje tena. Kodi ile ilimeza malipo yote ya Verlin na kudai zaidi.

Verlin alikuwa mlangoni. "Dallas, hiyo ni hela yangu yote. Tule nini, mbao?"

"Verlin, mimi simfukuzi mtu. Nataja bei tu. Hawa wapanda pikipiki wananipa hiyo kwa siku chache."

"Wewe si ndiye uliyewaambia wajenge?"

"Niliwaruhusu. Sikuwaambia."

Ndugu zangu, msidhani alikuwa amelewa au ana hasira. Alisema kwa upole, akamaliza kahawa yake, akakisuuza kikombe. Katika jimbo letu hakuna sheria inayomwekea mwenye nyumba kikomo cha kodi. Akitoa taarifa ya mwezi mmoja, basi.

Reva alianza kutafuta. Nyumba ya barabara ya juu ilikuwa na mlango usiopitisha kiti. Dada yake anakaa kwenye nyumba ya bati yenye korido nyembamba, huko kiti kingekwama kama kizibo. Mwenye nyumba mmoja wa mjini aliuliza kwenye simu wanaishi kwa pato gani. Aliposikia malipo ya ulemavu akasema nyumba imechukuliwa asubuhi hiyo. Wiki iliyofuata tangazo lake lilikuwa bado dukani. Kwenye ofisi ya nyumba za serikali dada mmoja mpole alimwambia, "Andika jina, mama, lakini usifungashe bado. Foleni yetu ni ya miaka."

Mwezi wa kwanza wa kodi mpya kanisa lilijazia. Mwezi wa pili kikapu kilizunguka kikarudi chepesi. Mwezi wa tatu hakikupitishwa. Simlaumu mtu, na ninyi mna kodi zenu.

Ndipo Hobert na wenzake walipokuja na mitaimbo.

"Tunaung'oa," Hobert alisema. "Mbao ni zetu. Akitaka kodi ya baraza, ajenge baraza."

Stiltner alikwisha kutuma neno kwamba kilichopigiliwa kwenye nyumba ni cha nyumba, na kwamba ataita polisi. Hobert hakujali. Alikwisha kuingiza mtaimbo chini ya ubao wa kwanza Verlin alipotokea barazani.

"Acha, Hobert."

"Ni wako huu."

"Sawa, ni wangu. Ukishaung'oa utaubandika wapi?"

Hobert aliukandamiza mtaimbo, ubao ukalia.

"Nitajie nyumba. Moja tu. Nitakusaidia mwenyewe kuung'oa."

Tulikuwa wengi pale uani, na kila mtu alikuwa na nyumba aliyotoka. Tukatazamana. Hobert akauchomoa mtaimbo taratibu, akaupigilia ubao ule mahali pake kwa kisigino cha kiatu.

Muuguzi aliyekuwa akija kumtazama Verlin mgongo ndiye aliyeleta habari ya makao ya wagonjwa katika wilaya ya jirani. Kitanda kimoja kilikuwa wazi. Serikali ingelipa gharama zote, ila ingechukua malipo ya Verlin karibu yote. Mke haruhusiwi kukaa huko.

"Nielewe vizuri," Verlin alisema. "Hela ya mimi kukaa na mke wangu haipo. Ya kunitenga naye ipo, tena mara kadhaa zaidi."

"Ndiyo sheria niliyoikuta, mzee wangu," muuguzi akasema, akafunga mkoba wake.

Gari la makao hayo lilikuja asubuhi yenye theluji nyepesi. Reva alikuwa akimnyoa mumewe ndevu jikoni, nami nimeshika bakuli la maji ya moto. Dereva aliacha injini inaunguruma, akagonga mlango.

"Mwambie asubiri," Verlin alisema. "Upande huu bado."

Upande huo ulikuwa tayari laini. Niliuona. Reva pia aliuona. Akachovya wembe majini, akaupitisha tena polepole kutoka sikioni mpaka kidevuni, kisha akaurudia. Dereva akagonga mara ya pili.

Sasa Reva analala kwenye kochi la dada yake. Hana gari. Mwanzoni tulipeana zamu za kumpeleka kwa Verlin kila Jumapili, kisha barabara zikaganda, na zamu zikaisha. Verlin ameacha kuuliza atakuja lini. Kule kwake kwa zamani wageni huvuta pikipiki zao kwa mteremko wetu mpaka barazani, zisinyeshewe. Tangazo la Stiltner linausifu.

FUNZO

Ukarabati unaoufanya kwenye nyumba ya mtu ni zawadi kwa mwenye nyumba, hata kama moyoni umempa mpangaji. Tulimjengea Verlin njia ya kutoka nje, tukasahau kumlinda asitolewe. Tulikuwa na kila kitu siku ile: mbao, mafundi, chakula, na Stiltner mwenyewe amesimama mbele yetu akitaka makofi. Siku ile angetia sahihi kwamba kina Cantrell watakaa kwa kodi ileile miaka kadhaa. Baada ya msumari wa mwisho hakuwa na haja nasi tena. Wema usiouliza swali hujenga nyumba ya mwenye tamaa.

Nasema haya kwa sababu nimesikia kwamba Jumamosi ijayo mnakwenda kumjengea Opal Dingess bafu analoweza kuingia na kiti chake. Nyumba ile si yake. Nitakuja, na kopo la misumari nitalishika. Lakini kati ya leo na Jumamosi kuna mtu lazima aende kwa mwenye nyumba na karatasi ya ahadi kama hiyo, na mwenye nyumba asipotia sahihi, tusifungue hata kopo. Mimi kusema mbele za watu si kazi yangu, kama mnavyonijua. Asipopatikana mwingine, nitakwenda mimi.