Kiti cha Magurudumu Kilichoandikwa Nguo Kuukuu

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Kila asubuhi mama yule mshonaji alipita mbele ya mlango wako, binti yake mgongoni, akimpeleka shule. Binti ana miaka kumi na mmoja na miguu yake haijawahi kumbeba. Ulimwona, ukainama, ukajifanya unafunga kamba za viatu.

"Mama, leo mimi ni gunia la nini?" binti aliuliza siku moja.

"La saruji. Tena limenyeshewa."

Wakacheka. Lakini mama alikuwa anatembea amepinda. Ikaja asubuhi ambayo mgongo ulikataa kabisa. Binti akabaki nyumbani. Shule ikawa ni kengele tu ya kusikia dirishani.

Ndipo mjomba wake aliye ng'ambo akapiga simu.

"Dada, nimempatia mpwa wangu kiti cha magurudumu. Nakituma kwa meli. Kwenye karatasi za mzigo niandike nini?"

Baba ni seremala. Alikwenda kumuuliza mtu mmoja anayeshinda nje ya lango la bandari. Watu humwita Njia Fupi. Hana ofisi wala leseni. Ana simu mbili na tabasamu.

"Kaka, ukiandika kiti kipya, forodha watakukamua," alisema Njia Fupi. "Aandike nguo kuukuu. Mengine niachie mimi."

Nyumbani mama akaguna. "Kwa nini tusimuulize Mama Nyaraka?"

Mama Nyaraka ni jirani yao. Ni wakala wa forodha mwenye leseni. Kazi yake ni kuwatolea watu mizigo bandarini kwa njia ya sheria. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hasikilizi neno kabla hajaona karatasi.

"Yule?" baba akasema. "Ukimwomba chumvi, atataka risiti ya sukari."

Basi mjomba akaandika nguo kuukuu.

Meli ikafika. Sanduku likapitishwa kwenye mashine inayoona ndani. Nguo hazina magurudumu. Mzigo ukazuiwa, na Njia Fupi hakupokea simu tena.

Sanduku likawekwa uani, nje, msimu wa mvua. Bandari hutoa siku chache za bure. Zikiisha, kila siku ina ada yake. Mzigo ukikaa mno bila kutolewa, hupigwa mnada. Nakumbuka vyerehani vya wajane vilivyopigwa mnada palepale. Nyinyi mmesahau. Mmoja wenu alinunua.

Mama akaenda kwa Mama Nyaraka akishikilia ukuta. Baba alifuata nyuma, macho chini.

"Mliandika nini?" Mama Nyaraka akauliza.

Baba akajifanya anatazama paa.

"Mficha uchi hazai, shemeji. Sema."

"Nguo kuukuu," baba akajibu.

Mama Nyaraka akavua miwani. "Kiti cha mtu mwenye ulemavu hapa kwetu huombewa msamaha wa ushuru. Shemeji, umedanganya ili kukwepa kodi ambayo pengine usingedaiwa!"

Baba akakaa chini. Hakuna aliyemkaribisha.

"Tungefanyaje, dada?" mama akauliza.

"Mngeuliza kabla sanduku halijafungwa. Mjomba angeandika kilichomo, kama kilivyo, na bei yake ya kweli. Angewatumia mapema karatasi za kununulia na hati ya meli, ile inayoonyesha mzigo ni wenu. Nyinyi mngeleta barua ya daktari, tukaomba msamaha kabla meli haijafika. Mimi ningepeleka maelezo forodha. Wao wangekagua, wangesema kama kuna cha kulipa, na mngelipa benki, mkapewa risiti. Si mkononi mwa mtu langoni!"

"Na sasa?"

"Sasa tunakwenda kusema ukweli. Tutaomba kurekebisha maelezo. Faini ipo, sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na ada ya kuhifadhi ipo."

Walikwenda. Baba alisema kosa lake mbele ya ofisa. Sanduku likafunguliwa, likakaguliwa. Barua ya daktari ikasomwa. Ushuru ukasamehewa. Faini na ada hazikusamehewa. Baba akauza msumeno wake wa umeme, mkate wa nyumba ile.

Kiti kikatoka. Lakini mitihani ilikuwa imepita. Wenzake binti walikuwa wamepanda darasa, naye sasa anakaa na watoto wanaomfika begani. Mgongo wa mama haukunyooka tena. Na maji ya mvua yalikula gurudumu moja, likizunguka, linalia.

Binti anakwenda shule. Hilo tumelipata. Kila jioni baba hupiga magoti na kulipaka mafuta gurudumu lile.

"Baba, acha tu," binti humwambia. "Hiyo ndiyo honi yangu."

Baba haachi.

Ndio ule mlio unaousikia asubuhi, ukafunga dirisha. Fungua! Njia Fupi bado yuko langoni, na sasa ana simu tatu. Na wewe una ndugu ng'ambo anayepigilia sanduku misumari. Mwambie aandike kilichomo, kama kilivyo. Kamtafute wakala, na kabla hujampa karatasi yako hata moja, mwambie akuonyeshe leseni. Usingoje meli. Weka hadithi hii chini, upige simu sasa hivi.