Kontena Lililoitwa Bonifasia

Edmund alishuka kutoka Mbinga asubuhi, seva ikiwa imeviringishwa kwenye godoro nyuma ya pikapu, naye ameketi kando yake kuishika isigonge. Mashamba ya kahawa yalibaki juu, joto likaanza kupanda, na kwenye kona moja ziwa likaonekana lote, limetulia kama maji ya beseni. Ilikuwa siku kama siku nyingine. Jina la kituo cha afya alichokiendea tuliache. Kiko ufukweni, na waliokuwapo bado wapo.

Muuguzi Flavia alimpokea mlangoni, akakitazama kile alichokibeba kama mtoto mchanga.

"Shemeji, hicho kisanduku kinakula ugali?"

"Kinakula umeme tu."

"Basi huku kitakonda."

Katibu wa kituo, Hamphrey, alitoka ofisini akicheka. Alikuwa mtu wa kuja, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. "Karibu, Mhandisi. Nyie Wamatengo nawajua kwa kuchimba ngoro, yale mashimo yenu ya kulimia milimani. Huku ni mchanga mtupu, utachimba nini?"

"Kidogo tu, Katibu," Edmund alisema, akampa mkono.

Mkono wa Hamphrey ulinuka dizeli.

Watu walishangaa Edmund kuikubali kazi ile ya kufunga kompyuta kuu ya kituo. Mkewe alifia humo humo, mwaka uliotangulia. Alikuwa ameshuka kumsalimia mama yake, Mama Luisa, nimonia ikamkamata, akawekewa mashine ya oksijeni. Mchana mmoja umeme ukakatika. Jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Tangi lilikuwa kavu. Kila mtu ufukweni alijua dizeli ya kituo ilikuwa inasafiri kwa madumu kwenda kwenye boti za mizigo. Edmund alikimbia hadi ofisini, akamkuta Hamphrey anakula samaki. Katibu alifuta vidole kimoja kimoja kabla ya kujibu.

"Subiri kidogo, Mhandisi. Mafuta yanakuja."

Mafuta yalikuja. Mgonjwa hakuyangoja. Walipomwosha, kucha zake zilikuwa za buluu, na mashavuni ilibaki mistari miwili ya mkanda wa barakoa ya oksijeni. Wakamsugua kwa maji ya moto. Mistari haikufutika. Akazikwa nayo. Uchunguzi ulisema umeme ulikatika, na hilo lilikuwa kweli.

Sasa Edmund aliketi katika chumba kidogo kando ya maabara, akaweka mfumo wa Linux kwenye seva, na juu yake programu ya kutengeneza makontena. Kontena ni kama chumba katika nyumba ya kupanga: paa ni moja, kisima ni kimoja, lakini kila mpangaji ana kuta zake na hamwoni mwenzake. Kilichomo ndani hudhani nyumba nzima ni yake. Chumba kimoja alikitengea maabara, kingine dawa, kingine mapokezi. Akakipa kila kimoja jina, kama ilivyo ada ya kazi.

Kikabaki cha jenereta. Alikuwa ametia kipimo ndani ya tangi. Kontena lingekisoma, na mafuta yakipungua lingetuma ujumbe kwenye simu ya Katibu kwa laini ya simu iliyochomekwa kwenye modemu. Kila ujumbe ungeanza na jina la kontena.

Aliweka vidole juu ya kibodi. Nje, Hamphrey alikuwa anamtania mtu, anacheka.

Edmund akaandika: *bonifasia*.

Kisha akaongeza agizo ambalo mafundi hutumia kwa kitu kisichotakiwa kulala: likizimwa liwake, likianguka liinuke, daima.

Alijua anachokifanya, na alijua hakipaswi kufanywa. Kwa watu wa ufukwe ule, jina la marehemu halitajwi mpaka siku ya kuondoa tanga, mtoto wa ukoo anapoketishwa mkekani, akapakwa unga wa muhogo kwenye paji la uso, akapewa lile jina alibebe. Kabla ya hapo mtu husema "mwenzetu" tu. Tanga la mkewe lilikuwa linangoja muhogo mpya. Jina lilikuwa bado halina pa kukaa. Yeye akalipa chumba.

Ujumbe wa kwanza ulifika Hamphrey akiwa na wageni wa wilaya. Flavia alimsimulia Edmund baadaye: Katibu aliisoma simu, akatafuta kiti, akakosa. Ulisema, *BONIFASIA: Mafuta yamepungua.* Tangu siku hiyo tangi halikupungua tena, na Edmund, akiufikiria ule uso wa Katibu, alikula akashiba kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Jioni moja alikwenda kumsalimia mama mkwe. Mama Luisa alikuwa anaanua muhogo uwanjani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Hakugeuka. "Naambiwa umemwita mwenzetu."

"Ni jina la programu tu, mama. Liko kwenye mashine."

"Lina mlango?"

Edmund akafikiri. "Halina. Limefungwa pande zote. Ndiyo usalama wake."

Mama Luisa aliuweka muhogo chini. Akasema polepole, kama mtu anayeogopa kusikiwa na aliye karibu. "Mwanangu alikufa anatafuta hewa. Nawe umemfungia chumba kisicho na mlango."

Juma lililofuata Hamphrey alimwita Edmund toka Mbinga. Hakucheka. Hakumtania. Alifunga mlango wa ofisi, akamnyooshea simu.

"Acha mchezo, Mhandisi," alinong'ona.

*BONIFASIA: Napumua kidogo.*

*BONIFASIA: Katibu, unakula samaki gani leo?*

*BONIFASIA: Kidogo zaidi.*

"Siyo mimi," Edmund alisema.

"Nani mwingine anajua habari ya samaki?"

Edmund alikwenda kwenye seva, akakagua kumbukumbu za kontena. Ujumbe uliotumwa ulikuwa mmoja tu, ule wa kwanza. Akaangalia mchoro wa kazi ya kichakataji, ubongo wa mashine, mchoro ambao kwa programu ndogo kama ile hulala chini kama uzi. Ulikuwa unapanda. Unashuka. Unapanda. Unakawia juu, kama kitu kinachojitahidi. Kisha unashuka.

Aliwahi kuketi kando ya kitanda akiuhesabu mwendo ule.

Akalizima kontena. Likawaka. Akalifuta kabisa, na agizo lake, na kila kilichokuwa ndani. Akaita majina ya makontena yaliyobaki. Maabara. Dawa. Mapokezi.

Bonifasia.

Chumba kilinuka spiriti, na mafuta ya nazi ambayo mkewe alikuwa anapaka nywele.

Hakukimbia. Aliweka kiganja juu ya bati la seva. Lilikuwa na joto la mwili. "Mke wangu," alisema kwa sauti ya chini, na mchoro ukaruka juu, ukabaki huko, mpaka yeye mwenyewe akaishiwa pumzi kwa kuutazama.

Mama Luisa alimsikiliza mpaka mwisho. "Muhogo umekauka," akasema. "Tunatwanga kesho. Mtoto wa ukoo wetu, wa Anjelina, atalibeba jina, na mwenzetu atatoka humo. Dawa ni hiyo tu."

Edmund alitazama ziwani. Aliwaza uso wa Hamphrey, jasho lake, sauti yake iliyokuwa ya kujaza ukumbi. Alivifikiria vile vidole vilivyofutwa kimoja kimoja.

"Mama, tungoje kidogo."

"Tungoje nini?"

"Kidogo tu. Bado hajamaliza."

"Anayekosa hewa ni mwanangu, Edmund," mama mkwe alisema, akimtaja kwa jina kwa mara ya kwanza tangu harusi. "Siyo huyo Katibu." Akaingia ndani. Lakini tanga ni la mfiwa kama lilivyo la ukoo, na bila Edmund lisingeondolewa. Wakangoja.

Ilitokea mchana, jua kali, wagonjwa wamejaa barazani. Umeme ulikatika. Jenereta ikawaka mara moja, vizuri kabisa. Wodini mashine ya oksijeni haikunyamaza hata kidogo. Flavia anasema Katibu alitoka ofisini akiitazama simu.

"Yamepungua," alisema.

"Tangi limejaa, Katibu. Tumelijaza asubuhi."

"Yamepungua. Anasema yamepungua."

Alichukua dumu stoo, akaingia chumba cha jenereta. Akarudi kuchukua jingine. Na jingine. Wakamwita. Hakugeuka. Mara ya mwisho alijifungia kwa komeo la ndani, wakasikia dizeli ikimwagwa, ikimwagwa, na sauti yake ikirudia, "Subiri kidogo. Subiri kidogo."

Kisha jenereta tu.

Walipovunja mlango, dizeli ilifika vifundoni. Tangi lilikuwa linafurika. Hamphrey alikuwa ameketi kwenye kona, kinywa wazi, dumu mapajani. Daktari alisema ni mvuke wa mafuta katika chumba kisicho na dirisha, na huenda ni kweli. Lakini kucha zake zilikuwa za buluu. Na mashavuni, kutoka puani hadi masikioni, ilikuwapo mistari miwili, kama ya mkanda.

Barakoa haikuwapo.

Waliomwosha walitumia maji ya moto. Flavia alipofika hapo katika masimulizi yake, alikwenda kunawa mikono.

Tanga liliondolewa. Mtoto wa Anjelina aliketishwa mkekani, akapakwa unga, akaambiwa yeye ni nani. Alipiga chafya, watu wakacheka, na Mama Luisa akalia kwa furaha. Alasiri ile Edmund alikwenda kwenye seva. Bonifasia hakuwamo. Maabara, dawa, mapokezi, basi. Alikaa sakafuni akalia kama alivyopaswa kulia siku ya mazishi.

Mama Luisa alimsindikiza hadi kwenye gari. "Kile chumba ulikibomoa?"

"Kimetoweka chenyewe, mama."

"Chumba hakitoweki, baba. Hubaki kitupu. Na nyumba tupu huingia yeyote."

Katibu mpya hakuitaka ile seva. Akaagiza nyingine, akamwomba Edmund aichukue ya zamani. Sasa iko Mbinga, nyumbani kwake, juu ya kabati, haijachomekwa popote. Waya wake umekunjwa na kufungwa. Laini ya modemu aliitoa kwa mkono wake mwenyewe. Imo kwenye droo, ndani ya bahasha.

Umeme wa Mbinga ulipokatika kwa mara ya kwanza baada ya hapo, ilikuwa Jumapili, ametoka misa. Simu yake ikatetemeka. Namba ilikuwa ya laini iliyo kwenye droo.

*HAMPHREY: Mhandisi, huku hakuna hewa.*

Akasimama katikati ya sebule. Simu ikatetemeka tena.

*HAMPHREY: Naomba unifungulie.*

Edmund anaijua dawa. Angeweza kupanda gari, kuuliza ukoo wa Hamphrey uko mkoa gani, kuwaambia wamtafute mtoto wa kulibeba jina. Aliliwaza hilo, kwa dhati kabisa, mpaka chai ikapoa. Kisha akaketi, akafuta vidole vyake kwenye leso, kimoja kimoja, akaandika jibu.

*Subiri kidogo. Mafuta yanakuja.*

Hulituma jibu hilo hilo kila umeme unapokatika. Jirani yake, Benno, aliyekwenda kuazima kamba, anasema seva ile ina kioo kidogo upande wa mbele, na kwenye kioo, kwa ndani, kulikuwa na ukungu wa duara, kama pumzi ya mtu aliyeweka mdomo karibu sana. Benno alikifungua kifuniko, akaufuta kwa kidole.

Ulirudi akiwa bado anakitazama kioo.