Sikio la Fundi Cherehani

Chiriku hakuwa na msahafu wake mwenyewe. Hakuwa na kaka wala dada wa kudurusu naye. Hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Zaidi ya yote, hakuwa na mtu wa kumsikiliza sawasawa.

Baba yake, fundi cherehani, alimsikiliza kila jioni kama ustadhi wa madrasa alivyowaagiza wazazi. Lakini miguu ilikanyaga cherehani na macho yalifuata sindano.

"Haya, soma mama."

Jioni moja Chiriku alisoma Sura ya At-Takwir. Katikati yake mna aya inayofanana na nyingine katika sura inayofuata, Al-Infitar. Ulimi ukateleza, akaingia Al-Infitar na kuimaliza hiyo.

"Mashaallah! Kama maji!" baba akasema.

Chiriku akatabasamu. Tangu siku hiyo akakufanya kuteleza huko njia yake ya mkato.

Siku ya kupimwa ili apande darasa, ustadhi alimsikiliza amefumba macho, kisha akashusha pumzi. "Umeingilia At-Takwir, umetokea Al-Infitar. Rudia."

Akarudia, akatokea kulekule. Mara ya tatu wenzake wakaangua kicheko.

"Basi! Hupandi darasa mpaka uimalize sura yenyewe. Kamwite baba yako."

Fundi alifika amefura, futi ya kupimia ingali shingoni. "Ustadhi, mnanionea! Namsikiliza kila siku."

"Msahafu ukiwa mkononi?"

"Na nguo za watu atashona nani?"

"Ndugu yangu, ukishona suruali huku unatazama pembeni, itavalika?"

Fundi akaivua futi shingoni, akaikunja.

Jioni hiyo aliifunika cherehani, akafungua msahafu wake, kidole kwenye mstari.

"Hapo! Rudi."

"Tena, baba?"

"Tena!"

Chiriku akabetua midomo. Fundi naye akapoteza mstari, akaguna. Wakazozana hivyo jioni nyingi, hadi siku moja sauti na kidole vilipofika mwisho wa sura pamoja.

"Ulijua kwamba unaruka?" baba akauliza.

"Nilijua. Uliponisifu, nikaona raha."

"Sifa usiyostahili ikatae, mwanangu. Nami nimekoma. Kumsikiliza mtoto ni kazi, haifanywi kwa sikio moja."

Kesho yake fundi akachukua karatasi, akaandika: "Ustadhi, uniwie radhi kwa maneno yangu makali. Binti yuko tayari. Tafadhali mpime tena."

Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akaipaka gundi, akaibana kwa dole gumba, akampa Chiriku.

"Kimbia, umpelekee kabla darasa halijaanza."